Kicheko cha Benchi la Nyuma

Kila mtu aliyelelewa kanisani anakijua kile kicheko. Huanzia tumboni, tena wakati usiofaa kabisa. Mzee wa kanisa amefunga macho anaombea taifa, wilaya kwa wilaya, kisha mtu wa benchi la tatu anakoroma mara moja, kwa sauti nzito, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Unamtazama dadako. Hapo ndipo umeharibu. Mabega yenu yanaanza kutikisika, unauma mdomo, unajifanya unakohoa, na mama, ambaye macho yake yamefungwa (ungeapa kwamba yamefungwa), ananyoosha mkono na kukufinya paja bila kukosea shabaha.

Dakika ishirini baadaye pasta anapanda mimbarini na kutoa mzaha kuhusu wanawake wanaochelewa ibada kwa sababu ya wigi. Kanisa zima linaangua kicheko, na mama pia. Hakuna anayefinywa.

Kumbe basi kicheko chenyewe hakijawahi kuwa tatizo. Kinachoulizwa ni nani anayeruhusiwa kukianzisha, na anamcheka nani. Swali hilo ni la zamani kuliko kanisa. Fungua Mwanzo 17: Abrahamu anaambiwa atapata mtoto akiwa na umri wa miaka mia moja, anaanguka kifudifudi na kucheka. Hakuna anayemgusa. Sura inayofuata, Sara anasikia habari ileile akiwa nyuma ya mlango wa hema, naye anacheka kimoyomoyo, hata sauti hatoi. Kwa huyu swali linaulizwa: mbona Sara amecheka? Anaogopa, anakana, anaambiwa hapana, ulicheka. Mtoto mwenyewe akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka, lakini aliyewekwa kikaangoni kwa kicheko hicho ni mama.

Mwishoni mwa karne ya nne, Yohane Krisostomo alikuwa Askofu wa Konstantinopoli, na anahesabiwa miongoni mwa wahubiri hodari zaidi ambao kanisa limewahi kuwa nao. Katika mahubiri yake juu ya Waraka kwa Waebrania analalamika kwamba kuna watu wanaocheka kanisani, hata padri akiwa katikati ya maombi. Kwingineko aliwakumbusha wasikilizaji kwamba Injili hazimwonyeshi Yesu akicheka popote, ila kulia analia. Mimi nikisoma malalamiko hayo sioni ushindi wa Krisostomo. Naona vijana wa Konstantinopoli kwenye safu ya nyuma, miaka elfu moja na mia sita iliyopita, wakiuma midomo.

Halafu Ulaya ikafanya kinyume. Katika sehemu za kusini mwa Ujerumani, kulikuwa na desturi ya kicheko cha Pasaka: Jumapili ya Pasaka padri alipaswa kuwachekesha waumini wake waliokuwa wametoka kwenye siku arobaini za mfungo, kwa kuwa Shetani amechezewa, kaburi liko tupu. Tunaijua vizuri kwa sababu kuna mtu iliyemkera. Mwaka 1518, mwanateolojia Johannes Oecolampadius aliandika barua ndefu kuishambulia, na katika kuishambulia akatuhifadhia orodha ya vituko: padri mmoja alilia kama ndege, mwingine akaiga bata bukini, mwingine akasimulia hila ambazo Mtume Petro alitumia kukwepa kulipa bili kwenye nyumba za wageni. Petro! Mtume mzima, anatoroka bili. Desturi hiyo ilipigwa vita kwa vizazi kadhaa kabla ya kuzimika.

Uingereza nayo, ambayo ndiyo iliyotuletea sehemu kubwa ya adabu zetu za Jumapili, haikuwa kimya tangu mwanzo. Parokia nyingi zilikuwa na mtu aliyelipwa kuwafukuza mbwa kanisani kwa mjeledi wakati ibada ikiendelea, na nyingine zilikuwa na mtu wa kuzunguka na fimbo ndefu akiwaamsha waliosinzia. Mwaka 1736 mchoraji William Hogarth alichora kanisa zima limelala fofofo huku mhubiri akisoma. Nalisema hili kwa sababu tunapenda kuwazia kwamba wamishonari walitoka nchi ambayo watu walizaliwa wakijua kukaa wima na kunyamaza. La hasha. Wazee wao walifundishwa kwa mjeledi na fimbo, na somo hilo lilikuwa bado bichi walipopanda meli.

Sasa fikiria somo hilo linaposhuka Mombasa.

Mpwani alikuwa na adabu zake za nyumba ya ibada, na zilikuwa wazi: viatu unaacha mlangoni, kofia inabaki kichwani. Mmishonari alifika na adabu iliyokuwa kinyume chake, neno kwa neno. Kofia vua, viatu usiguse. Kile ambacho upande mmoja ni heshima, upande wa pili ni utovu wa nidhamu, na Mungu anayeheshimiwa kwa vyote viwili anatazama tu. Zanzibar, kwenye kanisa kuu la Waanglikana ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, waongozaji wa wageni hadi leo hupenda kuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasemekana Askofu Edward Steere alikuwa safarini, mafundi wakaziweka walivyoona inafaa. Hazikubadilishwa. Watu wamebatizwa kando ya nguzo hizo kwa zaidi ya karne.

Bara kidogo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, shirika la CMS lilianzisha Frere Town, makao ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ukipita Kengeleni leo ukielekea Nyali, jina lenyewe linakuambia kilichotawala pale. Kengele. Ya kuamka, ya kazi, ya sala. Walioishi hapo walikuwa wametolewa utumwani, na bado mwanzoni mwa miaka ya 1880 kulizuka kashfa kuhusu viboko walivyokuwa wakichapwa na wasimamizi wa misheni wenyewe. Ndiyo maana huwa sicheki sana nikisikia mtu akisema Waafrika kwa asili wana heshima kanisani, si kama Wazungu wa siku hizi. Utulivu ule ulikuwa na ratiba na kiboko. Watu walijua gharama ya kupiga kelele.

Lakini kisa kinachonifurahisha kuliko vyote, na kunihuzunisha pia, kilitokea Kaimosi.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu la Marafiki, yaani Quaker, walifika huko: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Asili ya dhehebu hili ni Uingereza ya karne ya kumi na saba, na ibada yake ya awali ilikuwa hivi: watu wanakaa pamoja kimya, bila padri, bila wimbo, mpaka Roho amguse mmoja wao, awe mwanamume au mwanamke, asimame na kunena. Wakiguswa walitetemeka. Majirani wakawacheka, wakawaita "watetemekaji", na hiyo ndiyo maana ya Quaker. Walianza kama kichekesho cha watu wengine, kisha wakalibeba jina la dhihaka mpaka likawa la heshima.

Waliofika Kaimosi walikuwa wa tawi la Marekani ambalo tayari lilikuwa na wachungaji, nyimbo na mahubiri, kwa hivyo ukimya wenyewe haukufika Magharibi ya Kenya ukiwa mzima. Kilichofika ni utaratibu. Mwaka 1927, Chilson alipohubiri juu ya Roho Mtakatifu, waumini walimchukulia kwa uzito. Wakaungama dhambi kwa sauti, wakalia, wakaomba wote kwa pamoja, wakanena kwa lugha. Na wakatetemeka.

Viongozi wa kanisa wakashtuka. Hii ni fujo, walisema, hii si adabu ya nyumba ya Mungu. Maombi ya namna hiyo yakapigwa marufuku, na waliokataa kuacha wakajikuta nje. Hebu rudia polepole: kanisa la watetemekaji liliwafukuza watu kwa kutetemeka. Hao waliofukuzwa ndio walioanzisha makanisa ya Roho, yale unayoyaona Jumapili pale Kakamega na Vihiga, na kwenye mitaa ya Nairobi pia, kanzu nyeupe, msalaba mwekundu kifuani, ngoma mbele. Sisi wa mjini huwa tunawapita tukitabasamu, simu tayari kurekodi. Tunasahau kwamba ngoma ile ni jibu la watu walioambiwa kwamba sauti yao ni aibu.

Marafiki nao hawakubaki kimya. Kenya leo ndiyo nchi yenye Quaker wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na wanaimba, wanapiga makofi, kwaya juu ya kwaya. Na zile adabu za mlangoni? Nenda kwa Wakorino: wanaume wamevaa vilemba vyeupe ndani ya ibada na viatu wamevua. Agizo la mmishonari limegeuzwa tena kichwa chini, kama nguzo za Zanzibar.

Miaka kumi baada ya Kaimosi, mwaka 1937, Uamsho wa Afrika Mashariki uliokuwa umewaka Rwanda na Uganda ukafika Kabete. Hapa ndipo bibi na babu za wengi wetu wanaingia kwenye hadithi. Ukisikia mtu anashika maikrofoni, anaigonga mara mbili, anasema "Bwana asifiwe", mnaitikia "Amina", anasema "Bwana asifiwe tena", ujue unasikia mwangwi wa wandugu wa Uamsho. Siku hizi salamu hiyo ni namna ya kupima kama spika zinafanya kazi. Wakati ule ilikuwa ni kujitangaza upande wako.

Wandugu walikuwa na neno lao, kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa kwamba unasimama mbele ya watu wote na kusema ulichofanya. Si "nimetenda dhambi kwa mawazo na maneno", la. Uliiba nini, kwa nani. Ulilala na nani. Unamchukia mmishonari yupi, naye ameketi pale mbele. Jaribu kuwazia masikio ya kanisa siku hiyo. Ilikuwa ni habari moto kuliko gazeti, na wapo waliohudhuria kwa ajili hiyo tu. Lakini wazee wa mila hawakuona cha kuchekesha. Katika jamii nyingi mtu mwenye staha alificha ya nyumbani nyumbani, na ukiungama uzinzi hujajiungamia peke yako, umemwanika na mwenzako ambaye hakuombwa ruhusa. Kwao, hao wanaojiita waliookoka walikuwa watu wasio na adabu kabisa.

Naelewa hasira ya wazee. Hata hivyo, kilichotokea pale hakikuwa kidogo. Mwanamke asiyejua kusoma aliweza kusimama mbele ya kasisi na kusimulia maisha yake mwenyewe kwa maneno yake, watu wakacheka alipotaka wacheke na kulia alipotaka walie. Bila cheo, bila kola nyeupe shingoni. Huo ndio ushuhuda, na wale mama zetu wanaoweza kusimulia safari ya matatu hadi hospitali kwa dakika kumi na tano, kanisa likishikilia mbavu, walirithi sanaa hiyo huko. Wachekeshaji wetu wa jukwaani wengi hujaza nusu ya saa yao na vituko vya pasta na kwaya. Sidhani kama ni ajali: shule yao ya kwanza ya kusimama mbele ya watu ilikuwa pale pale.

Mimbari nayo ilijifunza kejeli ya aina nyingine, yenye hatari zaidi. Miaka ya 1980 chama kilikuwa kimoja, redio moja, na utani kuhusu serikali ulitolewa sebuleni baada ya kutazama nani yuko dirishani. Kanisani, hata hivyo, ungeweza kufungua Biblia. Askofu David Gitari wa Kianglikana alikuwa fundi wa hilo. Mwaka 1987 alihubiri kutoka kitabu cha Danieli: maofisa wanamwendea mfalme Dario, wanamsifu, wanamshawishi atie sahihi sheria kwamba kwa siku thelathini mtu yeyote asiombe chochote kwa yeyote ila kwa mfalme. Sheria imepita haraka, bila mjadala, kwa ajili ya kumnasa mtu mmoja. Hakuhitaji kumtaja mtu. Wanasiasa walikasirika kama watu waliotajwa majina matatu-matatu, na kwa kukasirika wakathibitisha kwamba wamejitambua. Ukitaka kuchapa mtu kwa Danieli, unamwachia yeye mwenyewe aseme yeye ni nani kwenye hadithi.

Gitari pia alipinga upigaji kura wa mlolongo, ule wa 1988 ambapo watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, kisha katika sehemu kadhaa foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Huo ulikuwa utani ambao serikali iliufanya yenyewe, na walioruhusiwa kuucheka hadharani walikuwa wachache. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba ya askofu huyo usiku. Mwaka uliofuata, Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri mmoja asikanyage Busia. Alikwenda, tarehe 14 Agosti 1990, na akafa katika ajali ya barabarani wakati wa kurudi. Kwa hivyo mtu akikuambia mimbari si mahali pa maneno makali, mwulize anazungumzia mimbari ipi.

Ndiyo maana nikirudi kwenye ule mzaha wa wigi, siwezi kuupokea kirahisi. Mimbari iliyokuwa ikimchokoza mfalme siku hizi inachokoza mtu wa benchi la nyuma. Sikiliza vizuri Jumapili moja na uhesabu: vijana wasiooa, wasichana waliofika thelathini, yaya, maskini anayetoa sarafu kwenye kikapu, mama aliyelea peke yake. Kisha inakuja ile amri, "mwambie jirani yako", na unalazimika kumgeukia mtu usiyemjua na kumrudishia mzaha ambao hukuutunga. Huwezi kukataa kucheka. Adabu ile ile iliyokukataza ulipokuwa mtoto sasa inakudai.

Binamu yangu alipozaa kabla ya kuolewa, kanisa la kijijini kwetu lilimhamishia benchi la mwisho kwa miezi sita. Kijana aliyehusika aliendelea kupiga kinanda. Siku ya kumrudisha kundini, mhubiri alimkaribisha kwa utani kuhusu embe linaloiva kabla ya msimu. Watu wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kama watu wanaocheka kila Jumapili saa tano. Na yeye akacheka. Nilimwona. Angefanya nini kingine, amesimama mbele na mtoto mgongoni?

Kumbuka kwamba mwanasiasa hajawahi kukalishwa nyuma. Kwa miaka mingi alifika ibada ikiwa katikati, akapitishwa hadi safu ya kwanza, akapewa maikrofoni baada ya mahubiri, akatoa mzaha kuhusu mpinzani wake, na bahasha. Kanisa lilicheka mzaha na kupigia bahasha makofi. Septemba 2021, huko Butere, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa maikrofoni. Wakakaa na kusikiliza kama sisi wengine. Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, vijana walipeleka dai hilo mbali zaidi na kuanza kuyauliza makanisa waziwazi kwa nini yanawapa madhabahu watu hao. Novemba mwaka huo huo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba pesa alizotoa rais kwenye kanisa Katoliki la Soweto zirudishwe. Wale walioambiwa tangu utotoni wanyamaze kanisani ndio walioanza.

Siku hizi tangazo la kwanza ni kuzima sauti ya simu, na vijana wanatii. Kaa nao nyuma uone. Mhubiri anasema jambo, vidole vinakwenda, na sekunde mbili baadaye safu nzima inatikisika mabega bila sauti yoyote. Kule mbele, mzee wa kanisa anafumbua jicho moja, anaona vichwa vyote vimeinama, na kuendelea na maombi akiwa ameridhika.